Mwili Unapochacha: Asidi ya Tishu na Tabia ya Askari wa Kinga

 

Naomba nianze na jino. Nilikuwa kidato cha tatu wakati gego langu la chini, upande wa kulia, lilipooza hadi kwenye mzizi na chini yake pakafanya jipu. Shavu lilivimba mpaka jicho likawa dogo. Mama akanipeleka kwa daktari wa meno. Daktari akachoma sindano ya ganzi, akasubiri, akaligusa gego kwa chuma. Niliruka. Akachoma sindano ya pili, akasubiri tena, akagusa. Niliruka tena. Mama, aliyekuwa amenishika mkono muda wote huo, akauliza kwa adabu iliyojaa wasiwasi: "Samahani daktari, hiyo dawa haijapitwa na wakati kweli?"

"Dawa ni nzima, mama," akajibu. "Mahali ndipo pabaya."

Siku ile niliyachukua maneno yale kama ya mtu anayejitetea. Ilipita miaka mingi, nikawa nasoma kemia ya dawa, ndipo nikajua kwamba alisema kweli tupu. Dawa ya ganzi iitwayo lignokeini huwa katika sura mbili: moja ina chaji ya umeme, nyingine haina. Ile isiyo na chaji ndiyo inayopenya utando wa neva na kunyamazisha maumivu. Katika tishu yenye afya, karibu robo ya dawa huwa katika sura hiyo inayopenya. Uchachu wa tishu ukiongezeka mara kumi, jambo linaloweza kutokea ndani ya jipu, hubaki sehemu 3 hivi tu kati ya 100. Jipu lina njia nyingine pia za kuishinda ganzi, lakini hii moja inatosha kutufungulia mlango.

Kwa maana kama uchachu wa mahali unaweza kuifunga dawa iliyotoka kiwandani ikiwa salama, je, zile seli za kinga zinazotumwa papo hapo kwenda kupigana, na zikakaa humo kwa saa na siku, zinakuwaje? Hilo ndilo swali langu leo. Jibu nalitoa mapema ili mnihukumu kwalo hadi mwisho: seli ya kinga huonja uchachu wa mahali ilipo, na ikishauonja hubadili mwenendo. Wakati mwingine hukasirika, wakati mwingine hulala. Basi anayetaka kuusaidia mwili upigane, ahesabu askari, kisha aikague na ardhi wanayosimama.

Kipimo kilichozaliwa kwa watengeneza bia

Tunapokula ndimu, ukwaju au maziwa mgando, ulimi hutuambia kuna uchachu. Kinachoonjwa ni protoni, yaani haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake. Zikizidi protoni katika maji, maji yanachacha. Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na wenye kiwanda cha bia, alitupa kipimo cha pH. Sørensen alikuwa akichunguza vimeng'enya, ambavyo kazi yake hutegemea sana uchachu, na alihitaji namba ya kuueleza. Katika kipimo chake 7 ni katikati. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyopanda. Maji ya ndimu yako karibu na 2.

Kuna jambo moja la kushika hapa, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Kushuka kutoka 7.4 hadi 6.4 ni kuongezeka kwa protoni mara kumi. Hata kushuka kutoka 7.4 hadi 7.1, jambo linaloonekana dogo kwenye karatasi ya majibu ya maabara, ni kuongezeka kwake mara mbili.

Damu ya mtu mzima wa afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mwili haukubali mzaha hapo. Baikaboneti iliyomo katika damu huzidaka protoni, mapafu hutoa kabonidayoksaidi kila tunapopumua, na figo hutupa asidi iliyobaki kwa njia ya mkojo. Mambo hayo matatu hufanya kazi usiku na mchana, na damu ikishuka chini ya 7 mgonjwa yuko ukingoni mwa kaburi.

Lakini damu ni barabara kuu tu. Barabara kuu hufagiliwa kila alfajiri. Nyuma yake kuna vichochoro, na huko vichochoroni ndiko seli zinakoishi, mbali kidogo na mshipa, zikisubiri oksijeni izifikie na taka zake ziondolewe. Mtu anaweza kuwa na damu safi ya 7.4 na wakati huohuo akawa na sehemu ya mwili, ukubwa wa punje ya hindi au wa embe, iliyochacha kabisa. Habari yetu ya leo iko huko vichochoroni.

Asidi ileile ya kibuyuni

Anayejua kutengeneza togwa au kugandisha maziwa kibuyuni tayari anajua nusu ya somo. Bakteria wa kibuyuni huvunja sukari na kutoa asidi ya laktiki, nayo ndiyo inayoyachachusha maziwa. Seli zetu nazo hufanya hivyo oksijeni inapopungua: kila molekuli moja ya glukosi huvunjwa ikatoa mbili za asidi ya laktiki. Nguvu inayopatikana ni kidogo ikilinganishwa na ile ya kuichoma sukari yote kwa oksijeni, ila hupatikana haraka. Kinachotoka kwenye misuli ya mkimbiaji, kwenye kidonda na kwenye uvimbe wa saratani ni asidi ileile ya kibuyuni.

Tazameni sasa kidonda kinachoanza kutunga usaha. Mishipa midogo imepasuka, kwa hiyo oksijeni ni haba. Bakteria wanakula na kutoa taka zao. Kisha zinafika kwa maelfu seli nyeupe ziitwazo nyutrofili, ambazo kwa asili yake hutegemea kuvunja sukari kwa njia ya kuchacha hata oksijeni inapokuwapo. Yaani walinzi wenyewe wanaongeza uchachu wa uwanja wanaopigania. Usaha wa jipu mara nyingi huwa chini ya 7, na huweza kushuka hata chini ya 6.

Seli ina ulimi

Je, seli inajuaje kwamba pamechacha? Kwenye utando wake zimesimama protini zinazofanya kazi kama ulimi. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba protini mbili za namna hiyo, GPR68 na GPR4, ambazo kabla ya hapo zilidhaniwa kuwa vipokezi vya aina fulani za mafuta, huamshwa na protoni zenyewe. GPR68 hulala pH ikiwa 7.8 na huwa macho kabisa ikifika 6.8. Ndugu yake wa tatu, GPR65, amejaa kwenye seli nyeupe za damu. Siri yao iko katika asidi amino iitwayo histidini, ambayo hudaka protoni katika kiwango hichohicho cha uchachu kinachopatikana katika tishu iliyougua. Histidini ikidaka protoni, protini nzima hubadili umbo, na habari hupelekwa ndani ya seli.

Njia ya pili haihitaji ulimi. Uchachu wa nje ukidumu, na ndani ya seli nako huchacha kidogo, na vimeng'enya vya kuvunja sukari hupunguza kasi. Seli iliyokuja kupigana hujikuta mafuta yake hayawaki vizuri.

Jipuni: uchachu unaposema hatari

Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicilia, Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi katika mwili mwangavu wa kiluwiluwi cha samaki-nyota. Asubuhi iliyofuata aliona seli zimeuzunguka mwiba pande zote. Alielewa kwamba mwili una seli zinazotembea na kula wavamizi, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Metchnikoff aliona jambo jingine linalotuhusu zaidi leo. Seli hizo zilipomeza chembe za litimasi ya buluu, chembe zile ziligeuka nyekundu humo ndani. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua maana yake: kuna asidi. Makrofaji, seli-mlaji mkubwa wa mwili, ikimeza bakteria humfungia katika kijifuko, na kijifuko hicho huchachushwa mpaka kufika karibu na 5 au chini yake, ili vimeng'enya vya kusaga viamke.

Kwa hiyo asidi ilikuwa silaha ya kinga tangu mwanzo. Na ile asidi iliyo nje, kwenye tishu yenyewe, nayo katika siku za kwanza hutumika kama mbiu ya mgambo. Nyutrofili zilizowekwa katika uchachu huamka na kuchelewa kufa, ingawa baadhi ya kazi zake, kama kutoa kemikali kali za oksijeni, huweza kupungua. Makrofaji zikionja uchachu huweza kuwasha mtambo wa ndani unaotoa intalukini-1, mjumbe anayeita homa na kuvimba. Seli zenye matawi, zile zinazookota vipande vya adui na kuvipeleka kwenye tezi kuwaonyesha wengine, humeza zaidi penye uchachu. Ukiyajumlisha haya unapata ujumbe mmoja: hapa pana hatari, kaeni, okoteni ushahidi, iteni wenzenu.

Mambo yangeishia hapo, tungesema uchachu ni rafiki wa kinga na tungekwenda nyumbani. Lakini kuna seli nyingine ambayo ujumbe huohuo huupokea kinyume kabisa.

Saratani: mfereji ulioziba

Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, Otto Warburg alipima vipande vya uvimbe wa saratani na akaona vinavunja sukari na kutoa asidi ya laktiki kwa wingi hata vikipewa oksijeni ya kutosha. Mwaka 1925, mjini Buffalo huko Marekani, mke na mume, Gerty na Carl Cori, walipima kwa kuku mwenye uvimbe katika bawa moja tu. Damu iliyotoka katika bawa lenye uvimbe ilikuwa na sukari pungufu na asidi ya laktiki zaidi kuliko ile ya bawa zima. Leo tunajua kwamba maji yanayozunguka seli za uvimbe mgumu mara nyingi huwa kati ya 6.5 na 6.9.

Sasa mpigeni picha mgeni anayeingia humo: seli T, yule limfosaiti anayeweza kuitambua seli ya saratani na kuiua kwa kuigusa. Seli T ikiamka kwa vita nayo huvunja sukari kwa kasi na kutengeneza asidi ya laktiki yake mwenyewe, na lazima iitoe nje. Mlango unaoitoa hutegemea tofauti ya ndani na nje. Kama nje kumejaa, ya ndani haitoki. Sisi tunaoishi mabondeni tunalijua hili kila masika: mfereji wa nyumba hauwezi kumwaga maji barabarani barabara ikiwa imeshafurika, na mwishowe maji yanarudi chumbani. Ndivyo seli T inavyofurika kwa taka zake yenyewe.

Mwaka 2007 watafiti wa Regensburg, Ujerumani, waliziweka seli T za binadamu katika asidi ya laktiki ya kiwango kinachopatikana ndani ya uvimbe. Zilipoteza uwezo wa kuongezeka, zikapunguza wajumbe wake, zikapunguza na kuua. Kisha wakazihamishia mahali pasipo na asidi hiyo kwa saa 24, na uwezo wake wa kuua ukarudi. Nawaomba mkae na habari hiyo kidogo. Zile seli hazikuwa zimekufa, wala hazikuwa zimesahau adui wao. Zilikuwa zimelazwa na mahali. Miaka mitano baadaye, mwaka 2012, watafiti wa Italia nao walionyesha kwamba seli T katika pH ya 6.5 huganda vivyo hivyo, na kwamba panya waliopewa esomeprazoli, dawa jamii ya zile tunazotumia kwa vidonda vya tumbo, kwa kipimo kikubwa, walipungukiwa uchachu wa uvimbe na tiba ya kinga, ile inayozichochea seli za kinga zipigane na saratani, ikafanya kazi vizuri zaidi kwao.

Wakati seli T inalala, wengine wanageuzwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba asidi ya laktiki ya uvimbe huiambia makrofaji ijenge. Makrofaji hutoa ishara za kuotesha mishipa ya damu na kimeng'enya kinachokula asidi amino ambayo seli T huihitaji. Ile seli-mlaji ya Metchnikoff inakuwa fundi wa adui, kwa sababu imesoma uchachu kama dalili ya kidonda kinachotaka kufunga. Zipo pia seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake, nazo huweza kuitumia asidi ya laktiki kama chakula na kunawiri pale seli za vita zinapodhoofika. Na mwaka 2019 iligunduliwa kwamba protini iitwayo VISTA, inayozuia seli T, hunata kwa mwenzake penye uchachu na kuachia penye hali ya kawaida. Hebu fikirieni breki ambayo hukamata gari likiingia mtaa mmoja tu.

Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2018 ilikwenda kwa James Allison na Tasuku Honjo kwa kugundua jinsi ya kufungua breki za seli T dhidi ya saratani. Dawa zilizotokana na kazi hiyo zimewaponya watu waliokwisha kukatiwa tamaa. Hata hivyo wagonjwa wengi hawapati nafuu hiyo, na mojawapo ya sababu zinazochunguzwa ni hii tunayoizungumza: umeifungua breki, lakini gari limezama tope.

Tezini: uchachu uliowekwa kwa makusudi

Hapa nawasihi msikimbilie kuilaani asidi. Mwaka 2020 watafiti wa Tampa, Florida, walichapisha habari iliyonifanya nisome mara mbili. Walipima ndani ya tezi za limfu za panya wenye afya, zile tezi tunazozipapasa shingoni na kwapani tukiugua, na wakakuta sehemu wanazokaa seli T zimechacha. Seli T zinapoamshwa humo hutoa asidi, na asidi hiyo huzizuia zisitoe silaha zake kabla ya wakati, huku kuamka na kuongezeka kwake kukiendelea.

Mantiki yake ni nzuri sana. Tezi ni kambi ya mafunzo. Kurutu anafundishwa kulenga shabaha, lakini risasi hapewi akiwa bado katikati ya wenzake, asije akaiangamiza kambi. Akitoka nje, penye pH ya kawaida, ndipo anaruhusiwa. Mwili uliitumia asidi kama kufuli ya bunduki zamani sana kabla sisi hatujaipa jina.

Basi saratani haikubuni chochote. Imeiba ufunguo wa kambini. Imetengeneza mahali panapofanana na tezi kwa uchachu, na seli T inayofika pale inapokea amri halali kabisa kwa kanuni za mwili wake: tulia, hapa si mahali pa kupiga.

Kifua kikuu: kuugeuza uchachu uwe msaada

Nimekuja kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa umefanyika pia mikononi mwa watu wetu.

Kijidudu cha kifua kikuu humezwa na makrofaji ya mapafuni kama wengine, kisha kinafanya jambo la ujanja: kinazuia kile kijifuko kisichachuke hadi mwisho. Badala ya kushuka hadi 5, kijifuko hukwama kwenye 6.2 au 6.4, na kijidudu kinaishi humo. Seli T zikifika na kuipa makrofaji ishara ya kuamka, uchachu hupanda, na maisha ya kijidudu yanakuwa magumu. Vijidudu vingi hufa. Vingine hujikunyata, vikaacha kuongezeka, vikasubiri. Hivi vinavyosubiri ndivyo vilivyokuwa vikimrudia mgonjwa aliyedhani amepona, kwa kuwa dawa nyingi huua kijidudu kinachokua na kukipita kilichojikunyata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipatikana dawa iitwayo pirazinamidi. Ilikuwa na tabia ya kushangaza: iliwaponya panya, lakini katika chupa ya kawaida ya maabara haikuua kitu. Mwaka 1954 Walsh McDermott na Ralph Tompsett wa New York walionyesha kwamba chupa ile ilikosa uchachu. Walipoichachusha, dawa ikaua. Pirazinamidi inahitaji asidi ili kazi yake ifanyike. Kijidudu huibadilisha, na katika mazingira yenye protoni nyingi ile sumu iliyotokana nayo humrudia na kujaa ndani yake. Ni dawa inayomkuta adui palepale alipojificha, kwa sababu palepale pamechacha.

Miaka ya 1970 ilipoanza, tiba ya kawaida ya kifua kikuu ilichukua miezi 18. Fikirieni mkulima kumeza dawa miezi 18, mvua inyeshe, jua liwake. Ndipo madaktari na wagonjwa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakajaribu miezi 6. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Miongoni mwa waliotibiwa miezi 6 kwa streptomaisini na isoniazidi peke yake, zaidi ya robo walirudiwa na ugonjwa. Walioongezewa pirazinamidi, waliorudiwa hawakufika mmoja kati ya kumi. Walioongezewa rifampisini walikuwa wachache zaidi. Tiba fupi inayotumika leo duniani, miezi miwili ya dawa nne pirazinamidi ikiwemo, kisha miezi minne ya dawa mbili, inasimama juu ya msingi uliojengwa na wagonjwa wale. Majina yao hatuyajui wengi wetu. Walikohoa hapa, walitoa makohozi yao yapimwe hapa, na kila anayemeza vidonge vyake leo Mwananyamala, Kisumu au Mbale anakula matunda ya subira yao.

Naona katika habari hii elimu yote ya mhadhara huu. Palipochacha palikuwa maficho ya adui. Watu walipojua kwamba pamechacha, na kiasi gani, palipatikana dawa ya kupigana humohumo.

Kuhusu magadi na maji ya kuuzwa

Najua swali litakaloulizwa, na ni la haki. Kama uchachu unailaza kinga, kwa nini tusinywe magadi? Kwa nini tusinunue yale maji yanayotangazwa kwamba yanaondoa asidi mwilini na kutibu saratani?

Niwajibu kama ninavyomjibu dada yangu. Unachokunywa kinapita kwanza tumboni penye asidi kali, kisha kinaingia katika damu ambayo mapafu na figo zinailinda. Magadi yakizidi kidogo, figo huyatoa kwa mkojo, na barabara kuu inabaki karibu vilevile. Ni kweli kwamba mwaka 2016 watafiti wa Tampa waliwanywesha panya baikaboneti pamoja na tiba ya kinga, na panya wale wakafanya vizuri kuliko waliopewa tiba ya kinga peke yake. Lakini panya alipewa kipimo kikubwa mno kwa uzito wake, kila siku, na alipewa pamoja na tiba. Kwa binadamu bado hakuna ushahidi kwamba kunywa magadi kunaponya saratani. Kinachojulikana vizuri ni madhara yake: chumvi nyingi mwilini, shinikizo la damu kupanda, moyo na figo kuelemewa. Nimeshawaona wagonjwa walioacha kliniki wakafuata chupa za maji, wakarudi wakati uvimbe umeshavuka mipaka. Tafadhalini, ndugu zangu, msiruhusu elimu hii tukufu igeuzwe tangazo la biashara.

Kazi ya kweli inaendelea mahali pengine. Watafiti wanatafuta dawa za kuziba milango ambayo seli za saratani hutolea asidi yake, kingamwili za kuishika VISTA penye uchachu, njia za kuupima uchachu wa uvimbe kwa picha bila kuukata, na seli T zilizotengenezwa ziweze kuvumilia mahali palipochacha. Itachukua muda. Vijana mlioko hapa ndio muda huo.

Mahali palipopona

Nirudi kwenye lile jino, nikamilishe.

Sindano ya pili iliposhindwa, daktari hakuchoma ya tatu. Alimwambia mama: "Leo hatung'oi. Leo tunapasafisha." Akalitoboa jipu kwa ncha ya kisu, usaha ukatoka mwingi, mchungu na wenye harufu, na maumivu yaliyokuwa yamenikesha siku tatu yakapungua kabla sijafika nyumbani. Akanipa dawa ya kumeza na tarehe ya kurudi. Niliporudi shavu lilikuwa limetulia. Akachoma sindano moja, ya dawa ileile, akasubiri, akaligusa gego kwa chuma kilekile. Sikusikia kitu. Likang'olewa nikiwa namwangalia mama, naye akiniangalia mimi.

Siku zile ulipotoka usaha ilitoka asidi. Damu ilipata njia ya kufika, oksijeni ikaingia, nyutrofili zilizochoka zikaondoka, na makrofaji zikafagia kilichobaki. Seli zilikuwa za mwili uleule na dawa ilikuwa ileile. Palipobadilika ni mahali, na daktari wangu alilijua hilo kwa uzoefu wa mikono yake kabla mimi sijalijua kwa vitabu. Kila ninapoingia maabara kupima pH ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, namkumbuka akisimama na sindano tupu mkononi, akikubali kungoja.